Jinsi ya kuisikiliza Masterjam ya Rufus na Chaka Khan mpaka usikie bendi inavyoachwa

Wadau wengi wa funk wakiiweka Masterjam, albamu ya Rufus, bendi ya funk ya Marekani, wanakimbilia sauti ya mwimbaji wao Chaka Khan, wanasema albamu kali, basi wanapita. Hapo umepunjwa. Hii kitu ilitoka 1979 wakati Chaka tayari yuko mguu ndani mguu nje ya bendi, na ukiisikiliza kwa mpangilio utalisikia hilo lenyewe bila kusimuliwa.

Kwanza angalia kava. 1974 Rags to Rufus ilitoka kwa jina la Rufus tu, Tell Me Something Good aliyowaandikia Stevie Wonder ikalipuka, na mwaka huohuo ikaja Rufusized imeandikwa Rufus featuring Chaka Khan. Kufika Masterjam ni Rufus & Chaka, yaani kama wasanii wawili wamewekwa bango moja.

Usiianze hiyo moja kwa moja lakini. Pasha masikio na albamu inayoitwa Chaka, solo yake ya kwanza ya 1978, chini ya lebo ya Warner, prodyuza Arif Mardin, ndo ina I'm Every Woman. Ikiisha weka Numbers, ya mwanzoni mwa 1979, hiyo ni Rufus bila Chaka. Nyimbo mbili tatu zinatosha, mi mwenyewe Numbers huwa siimalizi, sio kwamba wanapiga vibaya, wanapiga vizuri tu ila muda wote unasubiri mtu aingie na haingii.

Sasa ndo Masterjam. Vaa hedfoni, spika ya simu itakula besi yote na bila besi hapa hamna kitu. Play Do You Love What You Feel, aliiandika Hawk Wolinski mpiga kinanda wao, na raundi ya kwanza msahau kabisa Chaka, wewe fuata besi ya Bobby Watson na kiki (ile ngoma kubwa ya mguu) ya JR Robinson mpaka mwisho wa wimbo, usihame hata gitaa likikuita, uone jamaa walivyokaa pamoja, hakuna anayemkimbia mwenzie. Albamu hii aliprodyuzi Quincy Jones, na hao hao wawili ndo wako kwenye Rock with You ya Michael Jackson, mwaka huohuo, prodyuza huyohuyo. Kila mtu anasema Chaka aliizidi bendi, sawa, lakini wapigaji nao walikuwa wameshaonwa, bendi ilikuwa inapungua pande zote mbili na hilo halisemwi kabisa.

Raundi ya pili sikiliza sauti. Tony Maiden, mpiga gitaa, anaimba na Chaka, wanapokezana, na kwa masikio yangu Chaka hapa amejibana kidogo, anamwachia mwenzie nafasi. Rudi kwenye I'm Every Woman sekunde thelathini tu halafu urudi hapa, utaelewa nasema nini.

Kwingine pita unatazama wimbo ni wa nani. Live in Me na wimbo wa Masterjam wenyewe ni vya mtunzi Rod Temperton, huyohuyo aliyeandika Rock with You, na Body Heat ni ya Quincy tangu 1974 ikarudiwa hapa. Prodyuza ameshika usukani kweli kweli! Kama unatafuta ule ukwaruzo wa Rufusized hutoupata, tarumbeta zimepigwa pasi mno, mi naona zimezidi, ila kwa kucheza hakuna ubishi.

Ukitaka kujua walivyoishia, Camouflage ya 1981 unaweza kuiruka. Nenda Stompin' at the Savoy ya 1983, nyingi ni za jukwaani, na usizime makofi yakiisha, mwishoni kuna nyimbo nne za studio na Ain't Nobody iko hapo, ya Hawk tena.