Bibi akianza kusahau, kagua dawa zake kwanza
Mzee akianza kusahau, kuyumba asubuhi au kuweweseka usiku, usikimbilie kusema ni umri. Mwaga mfuko wake wa dawa mezani. Mara nyingi utakuta diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya ganzi ya miguu, na Piriton ya mafua iliyonunuliwa dukani bila kumwambia daktari. Kila moja ina kazi yake. Zikikutana kwa mzee, zinamvuruga akili.

Diazepamu ndiyo ya kutazamwa zaidi. Hata kwa kijana, nusu ya dawa hubaki mwilini siku moja au mbili; kwa mzee hukaa zaidi, hivyo kidonge cha leo kinakuta cha juzi hakijatoka. Ndiyo maana anaweza kuanguka hata saa nne asubuhi. Ikilazimu kuandikwa, iwe nusu ya dozi ya mtu mzima au chini yake, kwa siku chache, na tarehe ya mwisho ionekane kwenye cheti. Isichanganywe na pombe, tramadoli wala kodeini (dawa kali za maumivu): upumuaji unaweza kudhoofika hadi kuua.

Aliyeitumia kwa miezi asiachishwe ghafla, anaweza kupata degedege. Daktari apunguze kama sehemu moja ya kumi ya dozi kila wiki 2. Akianza kutetemeka au kukesha, abaki hapo hapo kabla ya kushuka tena. Vidonge vya miligramu 2 hurahisisha. Kukata robo ya cha miligramu 5 kwa kisu cha jikoni ni kubahatisha tu.