Modeli ya Rolls-Royce Phantom II kwa kipimo cha 1:16: mbao, konduiti na waya wa klachi

Bati la madigadi ya gari la miaka ya 1930 lina unene wa takriban milimita 1. Ukiugawa kwa 16 unabaki na milimita 0.06, wembamba unaoushinda ule wa karatasi ya daftari. Ndiyo maana modeli nyingi za mbao, hata zikiwa na umbo sahihi, huonekana gari la watoto mtu akiwa bado mlangoni: kingo zake ni nene. Huwezi kuchonga gari zima kwa wembamba huo. Unachoweza ni kunoa ukingo unaoonekana na kuuficha unene nyuma yake.

Phantom II ilitengenezwa kati ya 1929 na 1936. Kiwanda kiliuza fremu, injini, boneti na rejeta. Bodi ilijengwa na mafundi wengine kama Barker, Hooper au Park Ward, kila mmoja kwa mkono wake. Kwa hiyo chagua gari moja, lenye nambari moja ya usajili, ukusanye picha za hilo tu. Ukichukua milango ya hili na taa za lile, utaunda gari ambalo halikuwahi kuwepo, na anayelijua gari hili atakuumbua.

Fremu zilikuwa za aina mbili: umbali kati ya ekseli ulikuwa inchi 144 au 150. Ile fupi ni milimita 3,658, yaani 228.6 kwenye modeli. Huo ndio uwe rula yako. Chukua picha ya ubavuni iliyopigwa kutoka mbali, pima kati ya vitovu vya magurudumu. Ukipata milimita 152.4, kila kipimo kingine kwenye picha hiyo kizidishe kwa 1.5. Usipime picha ya simu iliyopigwa karibu, kwa sababu madigadi iliyo mbele ya kamera huvimba na mkia wa gari husinyaa.

Fremu yenyewe haina ugumu. Gandisha vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 3 kwa kila ubavu, juu ya kioo cha dirisha, si juu ya meza, maana meza nyingi zimepinda. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 na inatosha kabisa kuwa ekseli. Magurudumu yote manne yakiguse kioo kabla hujaendelea. Fremu iliyojipinda haitanyooshwa na kitu chochote utakachoweka juu yake.

Kwa bodi, mbao ya jakaranda ni laini, haikatai kisu, na si ngumu kuipata Nakuru wala Kisumu. Shida yake ni maji. Ipime kwa mizani ya jikoni kila wiki, na uzito ukikaa palepale wiki mbili mfululizo, imekauka. Ukiichonga mbichi, mstari wa fila (lipu ya kujazia mabonde) utajitokeza kwenye rangi miezi miwili baadaye. Tengeneza vigezo vya kadi ngumu, yaani vipande vilivyokatwa kwa umbo la bodi, kwa kila milimita 20 za urefu na uchonge mpaka vyote vikae bila mwanga kupita. Boneti iwe kipande cha peke yake.

Milango usiifungue kwenye modeli ya kwanza. Pengo halisi la milimita 4 ni 0.25 tu hapa. Lichore kwa ncha ya kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa, ukikivuta kuelekea kwako mara kumi polepole kando ya rula ya chuma. Rudia baada ya praima (rangi ya kwanza ya chini), kwa sababu praima hujaza mfereji.

Fila ya magari ichanganywe na hadena (dawa ya kuigandisha) kama asilimia 2 kwa uzito. Ukizidisha ili ikauke haraka, hadena inayobaki hupanda ndani ya rangi na kuacha madoa ya manjano, hasa chini ya rangi nyeupe na maziwa.

Madigadi ndizo zinazowashinda wengi. Zikichongwa kwa mbao hukatika kwenye mshipa. Tumia konduiti ya PVC ya milimita 25, ile ya nyaya za umeme. Ipasue kwa urefu, uitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha uifungue na kuibana kati ya mbao mbili: utapata bamba la upana wa karibu milimita 75. Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, Kisumu kwenye 96, na PVC huanza kulegea kwenye 80, kwa hiyo sufuria inatosha. Usitumie moto wa wazi: PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokaba koo, na plastiki yenyewe hufanya malengelenge.

Chonga kalibu ya mbao yenye umbo la ndani la madigadi, ukipunguza unene wa PVC kila upande. Lichemshe bamba tena, litoe kwa koleo, ulibonyeze juu ya kalibu ukiwa na glavu mbili za pamba. Una sekunde kama 10. Likikunjamana pembeni, usilazimishe. Lirudishe majini lilegee, ujaribu upya. Likishapoa, kata umbo, kisha geuza na upige tupa upande wa ndani tu, milimita 3 za mwisho, mpaka ukingo ubaki kama 0.3. Liinue dhidi ya dirisha: pale mwanga unapopita sawasawa ukingo mzima, acha. Ukisukuma tupa mara mbili zaidi utatoboa.

Magurudumu sasa. Tairi iliyoandikwa 7.00-21 huwa na rimu ya milimita 33 na upana wa 11 kwenye modeli, kipenyo cha nje kama 55. Bomba la maji taka la milimita 32 likizungushiwa kanda ya kadi ya 0.6 linafikia rimu. Spoki zitoke kwenye waya wa klachi wa pikipiki: fumua, bana ncha moja kwenye jiriwa, nyingine kwenye drili, vuta huku ukizungusha polepole, na uzi utanyooka kama sindano. Spoki za gari hazielekei katikati ya kitovu. Hupita kando yake na kupishana, na ukizielekeza katikati utapata gurudumu la mkokoteni. Magari mengi ya aina hii yalifunikwa spoki kwa sahani zilizong'arishwa. Kuchagua gari la namna hiyo mara ya kwanza si uvivu.

Rangi ya enzi hiyo haikuwa na klia (tabaka angavu la mwisho) juu. Nenda kwa wanaochanganya rangi za magari, uagize NC (rangi ya nitroselulosi) ya kawaida isiyo na chembe za metaliki, mililita 250, pamoja na thina lita moja. Mbao ipate sila (ya kuziba vinyweleo) mara tatu kwanza. Madigadi zipate praima ya plastiki inayotumika kwenye bampa, kwa sababu thina ya NC huila PVC. Changanya rangi sehemu moja kwa thina moja na nusu, upulize tabaka tano nyepesi, dakika 15 kati ya moja na nyingine. Bodi na madigadi zipulizwe kila moja peke yake.

Kisumu, mvua ya alasiri ikikaribia, weka chini spreya. Thina inapokimbia hupoza uso, unyevu wa hewa hutua juu ya rangi mbichi, na nyeusi hugeuka maziwa. Ikitokea, subiri siku kavu, upulize thina ya polepole pekee kwa wepesi sana. Mara nyingi weupe huondoka. Usipulize usiku chini ya taa pia: vijidudu vya ziwani vitatua kwenye boneti kwa makumi. Kilichonasa miguu tu kitoe kwa kibano papo hapo. Kilichozama kiache kikauke, kisha msasa wa 2000 na maji. Nakuru adui ni vumbi la Januari, na kumwagia sakafu maji nusu saa kabla hulituliza.

Acha wiki moja kabla ya msasa wa 1500, 2000, na kompaundi.

Rejeta iwe ya mwisho. Rangi ya kromu ya mkebe hufifia ikiguswa, kwa hiyo tumia bati la mkebe wa soda, ambalo ni la milimita 0.1 hivi. Likwaruze upande wenye maandishi ili gundi ishike, na upande wa ndani uondolewe utando wake kwa msasa wa 1000 kisha ung'arishwe kwa dawa ya shaba. Kunja kila pembe juu ya ukingo wa wembe, si kwa vidole: uso wa rejeta ya Rolls-Royce una pembe kali kama hekalu la Kigiriki, na pembe ya mviringo huonekana upande wa pili wa chumba. Vipande vya wima vya ndani vikatwe kwa upana wa milimita 1 na vipandwe kimoja kimoja, ukianzia katikati kwenda pembeni, ili kosa la mwisho lifichwe na fremu.