Kuandaa plazma kwa ajili ya kupima mikro-ARN za saratani ya mapafu

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa maabara hapa Bukavu wanaoshiriki utafiti wa saratani ya mapafu. Mikro-ARN ni vipande vifupi vya ARN, vya nukleotidi (yaani herufi za kijenetiki) 22 hivi, ambavyo havizai protini, bali hunata kwenye ARN mjumbe (nakala ya maagizo ya jeni) na kuzuia protini yake isitengenezwe. Katika saratani hii mikro-ARN iitwayo let-7, ambayo huidhibiti KRAS (jeni inayochochea seli kugawanyika), mara nyingi hupungua, nazo seli huendelea kugawanyika; miR-21 huongezeka na kuikandamiza PTEN, jeni inayozuia saratani; na familia ya miR-200 inapopungua, ZEB1 na ZEB2 (protini zinazodhibiti jeni za mshikamano wa seli) hupata nguvu, seli zikalegeza mshikamano wao na kuhamia viungo vingine.

Hatua ya 1. Damu itolewe kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kwa kuwa heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo, huzuia PCR, yaani mbinu ya kunakili vipande vya kijenetiki mzunguko baada ya mzunguko ili vipimike.

Hatua ya 2. Ndani ya saa mbili izungushwe kwenye sentrifuji, kisha plazma (sehemu ya majimaji ya damu) peke yake izungushwe tena kwa kasi kubwa zaidi ili chembe sahani, zenye mikro-ARN zake zenyewe, zibaki chini.

Hatua ya 3. Kagueni kama seli nyekundu zimepasuka, na hapa msiharakishe. Seli hizo zimejaa miR-451a na miR-16, na miR-16 ndiyo ambayo wengi huitumia kama kigezo cha kulinganishia. Ikiongezeka kwa sababu ya sindano iliyovutwa kwa nguvu, hesabu yote hupotoka. Jicho halitoshi. Pimeni ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, na baadaye, katika PCR, linganisheni miR-23a-3p na miR-451a: tofauti inayozidi mizunguko 7 hutia shaka, nami sampuli ya namna hiyo huiacha.

Hatua ya 4. Gawanyeni plazma katika mafungu madogo kabla ya kuigandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme unapokatika, jokofu lisifunguliwe.

Hatua ya 5. Ongezeni cel-miR-39, mikro-ARN ya mnyoo inayotumika kama kigezo cha kuangalia kama ARN imetolewa vizuri, baada ya kutia kimiminika cha kupasulia seli, kamwe si kabla, kwani vimeng'enya vya plazma huiharibu mara moja.

Hatua ya 6. Katika kusoma matokeo, kumbukeni kwamba miR-21 hupanda pia katika saratani nyingine na katika uvimbe wa kawaida wa tishu usio wa saratani (inflamesheni). Mgonjwa anayekohoa kwa muda mrefu apimwe kifua kikuu, na saratani ithibitishwe kwa kipande cha tishu chini ya hadubini.