Swichi ya taa ikiwaka na kuzima yenyewe

Fundi mwenzangu, usikimbilie kubadilisha rilei, ile swichi ndogo ya ndani inayoendeshwa na umeme. Juzi hapa Moshi nimefungua swichi ya taa za nje. Rilei ilikuwa nzima kabisa, ila mguu wake mmoja umezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Lehemu, ile metali inayoyeyushwa kushikilia mguu kwenye bodi ya saketi, ilipoa vibaya tangu kiwandani, ndiyo maana umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Chomoa umeme kwanza, na kapasita, kifaa kinachotunza umeme, iishiwe chaji, maana inapiga! Nyonya lehemu yote ya zamani kwa kifaa chake. Mpya ya bati asilimia 63 kwa madini ya risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, lakini pasi ya kulehemu iweke kama 350. Pasha mguu na shaba ya bodi kwa pamoja, ndipo uguse kwa waya wa lehemu. Usipulize. Iache itulie mpaka igande yenyewe.