Matairi mapya na njia ya Kolwezi: mambo ya kuweka sawa kabla ya safari

Hapa Lubumbashi watu wengi hukumbuka matairi siku wanapokumbuka safari. Ijumaa jioni mtu anapiga hesabu ya njia, anainama kuangalia tairi la nyuma, anakuta limekuwa kipara, anakimbilia kwa kwado, fundi wa matairi, na Jumamosi alfajiri yuko njiani. Nami nilifanya hivyo mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokuwa zimeanza tu. Tangu siku ile ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni mmoja: vaa matairi mapya wiki nzima kabla ya kuondoka, na wiki hiyo uiendeshee gari.

Nieleze kwanza lililonipata. Nilitoka mjini gizani, manyunyu yakidondoka, matairi bado na vile vinyweleo vya mpira ubavuni. Njia ya Likasi, ndiyo hiyo ya kwenda Kolwezi, unaijua, malori ya migodi yamepangana kama treni. Mbele yangu lori likawasha taa za breki, tunakaribia peaji, pale pa kulipia barabara. Nikakanyaga breki mahali nilipozoea kukanyaga, kwa nguvu niliyozoea. Gari halikusimama. Lilitambaa mbele kama linavutwa, pedali ikitetemeka chini ya mguu wangu, na lori likaongezeka ukubwa hadi nikaona tope jekundu lililoganda kwenye mpira wa nyuma ya magurudumu yake. Tulisimama, lakini nafasi iliyobaki kati yetu asingepita mtu mwenye baiskeli.

Fundi niliyemsimulia hakushangaa. Tairi hutoka kiwandani kwenye kalibu ya moto, na ili mpira usigande humo hutumika dawa ya utelezi. Kiasi fulani hubaki juu ya ngozi ya tairi, na ngozi yenyewe ni laini, haijasuguliwa na kitu. Ni lami tu inayoweza kuikwaruza mpaka ishike vizuri. Kwa kawaida hushauriwa uende taratibu kilomita kama 300 za mwanzo, wengine husema hata 500. Katika kipindi hicho, hasa kwenye lami iliyolowa, breki huhitaji nafasi zaidi.

Jambo la pili ni kina cha kashata, yaani vile vitofali vya mpira vinavyogusa lami. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Lililofikia mwisho wake lina milimita 1.6, na ndani ya mifereji utakuta vile vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha kuwa limekwisha. Chukua ufutio mpya wa mtoto wa shule, ule mrefu, usugue juu ya daftari: unapinda kwanza, kisha ndiyo unafuta. Ukishachakaa na kuwa mfupi haupindi tena. Kashata ndefu za tairi jipya hufanya vilevile. Unageuza usukani, vitofali vya mpira vinapinda kidogo, ndipo gari linafuata. Dereva aliyezoea matairi yaliyoisha huona usukani umekuwa mlegevu, kama unachelewa kusikia, na mkono wake huongeza nguvu ambayo haikuhitajika. Gari si bovu. Mikono ndiyo inayotakiwa kujifunza upya, na kadiri kashata zinavyotulia ule ulegevu unapungua.

Wanaoendesha magari yaliyoletwa kutoka Japani wanihurumie nikilisisitiza hili. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, nayo magari hayo yana usukani kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori lazima ujitokeze kushoto ndipo uone. Ukikuta gari linakuja, unarudi kwa haraka. Kurudi huko kwa haraka, kwa matairi ya siku moja, ndiko ninakokuogopea.

Sasa turudi nyuma, kabla hata ya kununua. Soma matairi ya zamani, maana yanaeleza gari lako kuliko fundi yeyote. Yaliyolika pande zote mbili na kubaki katikati yalikosa upepo. Yaliyolika katikati yalijazwa kupita kiasi. Lililolika upande mmoja, au lenye kingo zinazokwaruza kiganja kama msumeno ukilipapasa, linakuambia paralelismu (mlingano wa magurudumu) imeharibika au rotile (viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele) zimelegea. Ukivalisha mapya juu ya ugonjwa huo, wiki za mwanzo gari litaonekana limepona, na miezi michache baadaye utakuwa umetupa dola zako. Rotile kwanza, matairi baadaye, paralelismu mwisho, siku ileile ya kuvalisha ikiwezekana.

Namba za ubavuni zilingane na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukiona 195/65 R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni ukubwa wa janti, ile ringi ya chuma inayovalishwa tairi, kwa inchi. Kisha tafuta neno DOT na tarakimu 4 za mwisho. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani, na jua letu la mwezi wa tisa na wa kumi haliusaidii tairi lililotundikwa nje ya duka.

Kuhusu okazioni, matairi yaliyokwisha kutumika, sitamhukumu mtu, kila mmoja anajua mfuko wake. Ila kuna aina mbili za kukataa kabisa. Ya kwanza ni tairi lililochongwa upya: mtu amechukua kisu cha moto akachimba mifereji ndani ya mpira uliokwisha, linang'aa kama jipya, kumbe nyuzi za ndani ziko karibu na kuonekana. Pitisha kidole ndani ya mfereji. Kama vile vituta havipo, na kuta za mfereji zimepinda kama zimechorwa kwa mkono, rudisha. Ya pili ni tairi la theluji linalokuja na magari ya Japani. Utalitambua kwa vikato vyembamba vingi kama vya kiwembe kwenye kila kitofali, na mpira wake laini ukiubonyeza kwa ukucha. Limetengenezwa kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya joto huyumba na huisha haraka.

Ukiwa na fedha za matairi mawili tu, yaweke nyuma. Najua watu hubisha hapa, husema injini inavuta mbele, basi mapya yaende mbele. Lakini nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka na dereva wengi hawawezi kulirudisha. Mbele ikiteleza, unaachia mafuta na gari linarudi. Na kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, usichanganye jipya na lililoisha: mizunguko yao hailingani, na tofauti hiyo huilazimisha difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, kufanya kazi bila kupumzika.

Kwa kwado usikae kwenye kivuli na simu. Simama karibu. Mwombe abadilishe valvu, kwa sababu mpira wake ni wa umri mmoja na tairi linalotolewa. Asugue kutu na lile vumbi letu jekundu kwenye ukingo wa janti, la sivyo upepo utakuwa unavuja kidogo kidogo na utamlaumu muuzaji. Tazama mshale ubavuni, kama upo, uelekee gari linakokwenda. Nati zikazwe kwa kuvuka, juu kisha chini, sio kwa kuzunguka, na mkazo wa mwisho uwe gari likiwa limegusa ardhi. Ekilibraji ni lazima. Bila vile vyuma vidogo vya kusawazisha, usukani utaanza kutetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, na mtetemo huo hula rotile ulizotoka kuzilipia.

Upepo pima asubuhi, gari likiwa limelala. Presha hupanda kama bari 0.1 kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, na mwezi wa saba hapa asubuhi watu wamevaa makoti na saa nane mchana wamevua. Ukipima mchana baada ya kutembea, ukaona imezidi, ukapunguza, kesho alfajiri utaondoka na matairi yaliyolegea. Fuata kibandiko cha mlangoni, na usome mstari wa gari lililojaa kama unabeba familia na magunia. Tairi la akiba nalo lipimwe siku hiyohiyo. Huwa tunalisahau huko chini mpaka siku ya kulihitaji.

Basi ile wiki. Siku mbili za kwanza zunguka mjini tu, kazini na sokoni, na ujipe nafasi mara mbili ya uliyozoea. Tafuta kipande cha barabara kitupu, mapema Jumapili, ukiwa na kilomita 40 kwa saa ukanyage breki kwa nguvu mara kadhaa, ili mguu ujue gari linasimama wapi. Siku inayofuata nenda Kipushi na kurudi, kama kilomita 60. Baadaye nenda Likasi na kurudi, hiyo ni 240 hivi. Hapo umefikisha 300, na Kolwezi utakwenda na gari unalolijua.

Katika safari hizo usishtuke kwa mambo madogo. Mlio utabadilika, pengine gari litanyamaza, pengine litavuma kutegemea kashata. Mafuta yataongezeka kidogo, kwa kuwa mpira mzito unaopinda hula nguvu zaidi kuliko mwembamba. Sindano ya mwendo nayo itakudanganya: tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko lile lililoisha, hivyo sindano ikisoma 80 utakuwa unakwenda kasi zaidi kwa kama asilimia 2 kuliko ulivyokuwa na vipara. Faida yake utaiona mvua kubwa ikishuka. Mifereji yenye kina huyatoa maji chini ya gari, wakati kipara huelea juu yake kama mtumbwi, na unageuza usukani bila kitu kutokea. Lakini mvua za kwanza kabisa baada ya kiangazi ziogope hata ukiwa na matairi mazuri. Miezi mitano ya vumbi na mafuta ya malori iko juu ya lami, na ikichanganyika na maji kidogo inakuwa sabuni.

Kuvuta upande mmoja si jambo dogo. Gari likivuta, badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia, kama hayana mshale. Likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi, rudi dukani. Likiendelea kuvuta upande uleule, rudi kwenye paralelismu.

Mara yangu ya mwisho kuvalisha matairi, kijana wa kwado alinihakikishia, "Yaya, nilisha kukaza yote," na nilimwona kwa macho yangu akikaza. Hata hivyo, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu janti iliyosuguliwa hujikalisha mahali pake na kuacha ulegevu. Nilipofika Likasi nikaegesha kwenye kivuli, nikatoa kle, ile spana ya nati, kutoka kwenye buti. Gurudumu tatu zilikuwa imara. Kwenye la mbele kushoto, nati mbili ziligeuka robo mzunguko kabla ya kukataa.