Kuotesha papai kwa mbegu hapa Dodoma, kama ndo unaanza
Chukua mbegu kwenye papai tamu lililoivia mtini. Ukiiangalia mbegu mbichi utaona imevikwa kingozi kinachoteleza kama jeli, hicho ndo kinazuia isiote na wengi wanakwama hapo hapo, kwahiyo weka kwenye chujio sugua na mchanga mpaka itoke nyeusi yenye mikunjo mikunjo, suuza, anika kivulini siku mbili tatu. Loweka usiku mmoja kabla ya kupanda.

Kwenye kiriba (kimfuko cha kuoteshea miche) changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, toboa chini, mbegu tatu, kina cha sentimita 1 tu. Wiki 2 mpaka 3 zinaota, za kwangu zilichelewa sana kwenye baridi ya Juni. Upepo wetu unakausha haraka mno jamani, mwagilia kidogo kidogo ila usifanye tope, mizizi itaoza.

Miche ikifika sentimita 20 hivi hamishia shambani, mvua za Desemba zikishika ndo poa zaidi. Usikimbilie kung'oa miche ya ziada, subiri maua ndo ujue dume na jike: ya dume yananing'inia kwenye vikonyo virefu, ya jike yameng'ang'ania shina. Bakiza dume moja kwa majike kumi hivi.