Chumba cha futi 10 kwa 10 na choo chake ndani: jinsi ya kukifanya kionekane kikubwa

Wapangaji wenzangu wa Mtwara na Lindi, hivi vyumba vya self tunavilalamikia kila siku kwamba ni vidogo, ila mara nyingi tatizo ni sakafu haionekani. Jicho linapima chumba kwa sakafu na kona zake, ukiziba na mabegi, ndoo na kabati la milango mitatu, hata cha futi 14 kitakubana.

Anza na kitanda. Piga hesabu, chumba kizima ni futi za mraba 100, kitanda cha 5 kwa 6 kinakula 30, hapo hujaweka hata stuli. Kama unalala peke yako chukua 4 kwa 6. Kiwe na miguu mirefu uone sakafu mpaka ukutani, na tafadhali usijaze mabeseni chini yake.

Afu neti. Huku bila neti hulali, najua, lakini ile ya boksi yenye kamba nne inakata chumba kati, yaani ni kama umejenga kibanda ndani ya chumba. Mi niliitoa nikaweka ya duara, ndoano moja tu darini, asubuhi naisokota napiga fundo naipandisha juu, na siku ya kwanza tu nikasimama mlangoni nikauona ukuta wa dirishani wote, ule ambao miezi yote nilikuwa nauona nusu.

Bomba la pazia lipandishe karibu na dari na lizidi dirisha kama futi moja kila upande, ili ukifungua kitambaa kikae ukutani kisizibe mwanga. Kitambaa kiwe chepesi upepo wa bahari upite. Kioo kirefu kiweke ubavuni mwa dirisha au mkabala nalo, ila angalia kinatazama nini, kikitazama rundo la nguo utakuwa na marundo mawili. Rangi ni krimu au nyeupe ya maziwa, ukuta na dari zifanane. Kama kuna ukungu usugue na uache ukuta ukauke kwanza, la sivyo rangi itabanduka.

Chooni adui mkubwa ni ndoo. Maji yanakatika kwa hiyo kila mtu ana pipa na ndoo tatu, sawa, ila weka pipa moja jembamba na refu kwenye kona, ndoo ziingiane, sabuni na dodoki vitundike ukutani. Ukitengeneza upya, tailizi za ukutani ziwe kubwa za sentimita 30 kwa 60 na grauti, ile ya kujaza mianya kati ya tailizi, iwe ya rangi ileile, mistari ikipungua ukuta unaonekana mmoja. Sakafuni usilazimishe kubwa, fundi atashindwa kuweka mteremko wa maji kwenda kwenye tundu. Mlango ukifungukia nje unapata nafasi ya kugeuka.

Na kama ndo unajenga, mwambie fundi aache vidaka, yaani vishimo vya kuwekea vitu ukutani, kama vile vya kwenye nyumba za mawe za zamani pale Mikindani. Kidaka cha kina cha inchi 3 kinaingia kwenye tofali la inchi 6, shampuu na mswaki vinakaa ndani ya ukuta na bega lako haligongi shelfu ukioga. Kwenye nyumba iliyokwisha usichimbe karibu na nguzo wala linta (ile boriti ya juu ya mlango na dirisha), na muulize mwenye nyumba kwanza.